Tupeane uzoefu: kuku wa uani, jua kiasi gani na kivuli kiasi gani?

Mfugaji wa Sakina: Jua la wiki hii limenitisha. Tetea wangu wanashinda chini ya mparachichi, midomo wazi, mabawa wameyaachia. Jirani ananiambia jua ndilo linaleta mayai, niwafukuze watoke. Wenzangu mnafanyaje?

Mama Wawili, Pasua: Thubutu! Kuku hatoi jasho, joto likimzidi anatweta tu. Na Arusha hamjalijua jua nyie. Njoo Moshi mwezi wa pili. Nilikuwa na chotara, mitetea ndiyo kwanza imeanza kutaga. Banda la bati, ila mwembe wa jirani ulikuwa unalifunika kuanzia adhuhuri. Nimeenda msibani Kibosho, huku nyuma jamaa kaufyeka bila hata hodi, eti majani yanaziba mfereji wake. Narudi saa kumi, kuku wamelala wamejibana ukutani, shingo zimenyooka, maji ya kunywa yamechemka unaweza kumwogeshea mtoto. Kijana wangu ana kisu mkononi, anawawahi wanaopumua. Waliopona waligoma kutaga mpaka masika.

Chalii wa Kijenge: Pole dada. Hao waliowahiwa mliwala?

Mama Wawili, Pasua: Tuliwala. Kuna shida?

Kisima: Hicho ni kibudu.

Mama Wawili, Pasua: Anayepumua anakuwaje kibudu?

Mpangaji: Mwembe uko kwake, haki yake kukata. Hata mwenyekiti wa mtaa angekucheka.

Mama Wawili, Pasua: Au ni wewe uliyeukata?

Mzee wa Kihamba: Turudi kwenye mada jamani. Sisi Machame tunalia kinyume. Migomba kivuli kutwa, mwezi wa sita na wa saba mawingu tupu, maranda hayakauki, vifaranga wanahara damu. Nikapogoa upande wa mashariki jua la asubuhi liingie, na ile harufu ya kuchoma macho ikapungua. Ila kuhara damu msitegemee jua, wahini dawa. Na banda jipya lilazwe mashariki-magharibi, ubavu mrefu usipigwe na jua la jioni.

Mdau wa Njiro: Jirani yako kasikia nusu. Mayai yanataka mwanga, si joto. Kuku wa mayai anahitaji mwanga masaa 14 hadi 16, mchana wetu huku ni kama 12 tu. Washa taa alfajiri, mchana mwache kivulini.

Chalii wa Kijenge: Kienyeji wa bibi hawajui taa na wanataga.

Mdau wa Njiro: Wanataga kidogo, wanaatamia, wanalea, wanapumzika. Bibi hana mkopo wa chakula cha kuku.

Kisima: 😂😂 Kweli tupu.

Mfugaji wa Sakina: Kwa hiyo nisiwafukuze?

Mama Wawili, Pasua: Mfukuze jirani. Halafu tupia majani makavu ya migomba juu ya bati.

Mpangaji: Panya hao wanakuja.

Mzee wa Kihamba: Panda pasheni itambae kwenye waya.

Mpangaji: Mpaka itambae, kuku wameshakuwa supu.