Wakala wa nyumba Epsom kashika pauni zangu 325

Kijana wa Hombolo:
Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma. Nimepata nyumba huku Uingereza, mji wa Epsom, chumba na sebule, pauni 1,300 kwa mwezi. Jumatatu nilitoa 325 za kushikia. Leo wakala kaniandikia kwamba sijapita ukaguzi wa haki ya kupanga, nyumba anampa mwingine na hela harudishi. Kosa langu: ule msimbo wa mtandaoni wa kuthibitisha kibali changu, nilituma unaoanza na W badala ya R. Baada ya saa moja nilituma wa R, hakujibu. Je, hela inarudi? Hapa tunapokaa tumeshatoa notisi, tunatoka tarehe 28.

Mama wa Tattenham:
Pole sana mwanangu. W ni ya kazi, R ni ya kupanga, na zote zina jumla ya herufi na tarakimu tisa, ndiyo maana watu wanachanganya. Enzi zetu unatoa BRP, ile kadi ya kibali cha kuishi, mfukoni, wanapiga kopi, unapewa ufunguo. Hizi eVisa, vibali vya mtandaoni, zimetutesa tangu kadi zife mwisho wa 2024.

Dereva wa Surrey:
Mama, samahani, hiyo si sahihi. Wenye nyumba walikatazwa kupokea kadi ya BRP tangu Aprili 2022. Tusimchanganye kijana. Na wewe kijana, hiyo 325 umeipataje? Wakala kagawa 1,300 kwa nne. Sheria ya ada za wapangaji ya 2019 inasema hela ya kushikia mwisho ni kodi ya wiki moja, na mwaka una wiki 52: 1,300 mara 12, gawa kwa 52, unapata 300 kamili. Kwa hiyo 25 hakutakiwa kuzipokea kabisa. Anza na hilo.

Mama wa Tattenham:
Sawa, nimesikia. Lakini mimi nilipanga 2021 na kadi yangu ilipokelewa, nayasema niliyoyaona.

Dada wa Croydon:
Kaka, kwanza kwa nini Epsom? Si ndiko kwenye mbio za malkia, watu wanavaa kofia? Treni siku hiyo hupandi.

Dereva wa Surrey:
Unaisema Ascot, dada, na Ascot iko Berkshire. Epsom ni mbio za farasi za Derby, Jumamosi ya mwanzo wa Juni, tangu 1780. Ni siku chache tu kwa mwaka. Siku nyingine unafika London, Waterloo au Victoria, bila shida, ndiyo maana watu tunahamia huku. Linalotaka uangalifu ni asubuhi kule Downs, kwenye vilima vya mbio. Ukikuta farasi wa mazoezi barabarani, mwendo usizidi maili 10 kwa saa na uache mita 2 pembeni. Juzi niliwasimamia kumi na moja, mmoja mmoja, mvuke unawatoka mgongoni, kwato zinagonga lami. Yule wa mwisho, binti mdogo tu, aliniinulia mkono kunishukuru. Nilifika kazini nimechelewa na wala sikuudhika.

Mama wa Tattenham:
Mimi nakaa karibu na ile kona alipogongwa Emily Davison na farasi wa mfalme, 1913, akidai wanawake wapige kura. Alikufa siku nne baadaye, si papo hapo kama wengi wanavyosema. Kila nikipita na kikapu changu namkumbuka.

Mzee wa Kikuyu:
Wanangu, mnanikumbusha punda wa kwetu. Kule farasi hatukuwajua. Asubuhi kulikuwa na punda wanne wa jirani na madumu ya maji, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nina miaka 27 hapa. Nikiuchukua uraia wa hapa napoteza wa kwetu. Nisipouchukua naomba nyumba kwa msimbo kama mgeni aliyeshuka jana. Hilo la uraia pacha tumelilia tangu watoto wangu wako shule ya msingi.

Mwana Ihumwa:
Shikamoo mzee. Mimi nilisharudi, nawasoma nikiwa nyumbani. Rudini muuone mji. Makao makuu yaliamuliwa 1973 tukasubiri weee, leo Mtumba, kwenye mji wa serikali, asubuhi daladala zimejaa watumishi, na tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar mpaka hapa. Tumekuwa kama hao wa Waterloo. Ila watumishi wengi familia zimebaki Dar, Ijumaa jioni stesheni inajaa baba za watu na mabegi.

Mzee wa Kikuyu:
Marahaba. Na zabibu?

Mwana Ihumwa:
Zipo mzee. Hombolo wamevuna vizuri.

Kijana wa Hombolo:
Asanteni wote, na mzee pole. Hesabu ya 300 nimeipeleka kwa wakala, kajibu kwamba 25 atarudisha, 300 hapana, kwa sababu "nilishindwa ukaguzi". Lakini msimbo wa R aliupata siku ileile! Kushindwa ukaguzi na kukosea herufi ni kitu kimoja? Kuna aliyewahi kupitia hili akarudishiwa?

Dada wa Croydon:
Kaka, shemeji yangu ana chumba Sutton, kinawatosha wawili kwa muda. Nikupe namba yake? Na Mwana Ihumwa, nani anakuja mwezi huu? Naomba kilo mbili za zabibu kavu, nauli ya mzigo nalipa.