Gharama za kesi zimepitishwa juu mno, tunapingaje?

BintiWaShamba: Wakuu, habari zenu. Baba alifungua kesi ya shamba Mahakama Kuu. Wenzetu wakaweka pingamizi la awali, kesi ikatupwa kabla hata shahidi mmoja hajasikilizwa, tukaamriwa kulipa gharama. Wakaleta ankara ya milioni 14.6. Alhamisi iliyopita Naibu Msajili kapitisha milioni 9.2, na humo milioni 6 ni ada ya wakili peke yake. Kuna hoteli na nauli za kutoka Dar ambazo risiti zake hatujaziona. Mzee ana miaka 71, anasema auze ng'ombe yaishe. Mimi sikubali. Tunakata rufaa wapi?

WakiliMkoani: Pole dada. Hiyo siyo rufaa, ni maombi ya marejeo kwa jaji wa Mahakama Kuu, yaani jaji aupitie upya uamuzi wa msajili. Someni amri ya 7 ya Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015, Tangazo la Serikali Na. 264. Mnapeleka maombi ya chemba na hati ya kiapo ndani ya siku 21 tangu siku ya uamuzi, kwa hiyo msikae kusubiri nakala. Mkishasajili, wenzenu wapate nakala ndani ya siku 7.

Kwenye kiapo msilie tu kwamba hela ni nyingi. Jaji haingilii eti kwa kuwa yeye angetoa kiasi kingine. Anaingilia msajili akikosea msingi, au kiasi kikizidi mno. Kesi iliyoishia kwenye pingamizi, bila ushahidi kusikilizwa, milioni 6 ni za kazi gani? Shauri la Premchand Raichand la 1972 lilishasema gharama zisipande hadi mahakama ikawa ya matajiri peke yao.

KaraniMstaafu: Binti yangu, tazama na amri ya 48. Ankara ikikatwa zaidi ya sehemu moja ya sita, ukiondoa ada za mahakama, aliyeileta hastahili kulipwa gharama za ukokotoaji wenyewe, yaani lile zoezi la msajili kupitia ankara na kupanga kiasi. Yenu imekatwa milioni 5.4, zaidi ya theluthi!

BintiWaShamba: Shikamoo mzee wangu, asante sana. Nimeifungua sasa hivi. Kipengele cha 31: kuandaa ankara na kuhudhuria ukokotoaji, 450,000. Kimepitishwa chote!

WakiliMkoani: Hicho kiwe hoja ya kwanza. Na ombeni pia kusimamishwa kwa utekelezaji, maana marejeo peke yake hayamzuii dalali wa mahakama kuja kukamata mali.