Mtungaji wa chemshabongo ametuita wajinga, na safari hii sinyamazi

Wakuu, simtaji. Mnamjua. Yule yule ambaye mafumbo yake yanawafanya watu wenye akili timamu watafune kalamu mpaka wino unawatokea puani. Leo kavuka mpaka.

Wima namba 7: "Wenye afya wamevurugika (6)". Basi. Ndiyo kidokezo chote hicho, na hiyo 6 ni idadi ya herufi za jibu.

Kutoka kwenye majibu ya milalo yanayokatiza humo nilishapata A ya pili, I ya nne na A ya mwisho. Sasa niambieni, hiyo inamsaidia nani? Hakika inaingia, dakika inaingia, kabila inaingia, safina inaingia, nusu ya kamusi inaingia! Maneno yetu yamejaa irabu, ukinipa irabu tupu umenipa upepo.

Majibu yametoka leo. MAZIWA. Eti "wenye afya" ni wazima, vuruga herufi za wazima upate maziwa. Herufi ni zile zile, sawa. Lakini wazima liko wapi kwenye kidokezo? Halipo! Unatakiwa ukisie neno ambalo hakuliandika, ulivuruge hilo hilo ambalo hakuliandika, halafu utoke na jibu ambalo maana yake nayo hakuiandika. Hakuna ng'ombe, hakuna mvuvi, hakuna hata tone. Angeandika "Wazima wamevurugika, wavuvi wakafuata samaki humo (6)", ningemvulia kofia.

Na bado si hilo lililonileta hapa. Watu walimuuliza kwa adabu kabisa: mkuu, maana ya jibu iko wapi? Akajibu mstari mmoja: "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua."

Mjinga! Anatuambia sisi, tunaomsoma kila toleo, tunaomtetea kwa watu wanaodai huu mchezo ni wa wasio na kazi!

Afrit, mtungaji wa mafumbo wa Uingereza, alishalimaliza hili mwaka 1949: mtungaji si lazima amaanishe anachosema, lakini ni lazima aseme anachomaanisha. Ximenes, mtungaji mwenzake, akaja na kitabu kizima mwaka 1966 kuhusu haki kati ya anayetunga na anayefumbua. Huyu wetu haki yake ni methali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba anaweza. Ndiye aliyetupa "Inama urudi nyuma, upate utulivu (5)". Isome inama kuanzia mwisho: AMANI. Hakuna neno la ziada, hakuna hila chafu, kila kitu kiko mezani na bado kinakupita. Siku ile nilipiga makofi peke yangu chumbani. Mtu mwenye mkono wa namna hiyo anakosaje kuweka maana kwenye kidokezo, halafu akiulizwa anasema mjinga? Mjinga!

Kisanduku Tupu: Mkuu punguza povu. Mimi maziwa nililipata hata sijakaa vizuri. Mwerevu huligangua 😂😂

Mleta uzi: Ulilipataje? Eleza hatua kwa hatua, tuko hapa tunasubiri.

Kisanduku Tupu: Niliona tu.

Bibi Milalo: Aliona kwenye programu ya simu huyo. Unaingiza herufi tatu, inakutemea orodha, unachagua, unakuja kujitapa. Mimi hawa wananikera kuliko mtungaji. Mwaka 1942 gazeti la Daily Telegraph la Uingereza liliwaweka watu chumbani na fumbo moja, dakika 12, na baadhi yao wakaja kuitwa kwenye kazi za siri za vita. Walitumia vichwa vyao. Nyie mnatumia betri.

Kisanduku Tupu: Wivu huo bibi.

Bibi Milalo: Taja basi jibu la mlalo 22 bila kushika simu.

Kisanduku Tupu: Nina kazi sasa hivi.

Penseli Butu: Mleta uzi nawe umezidi. Aliyeanza kutunga mafumbo ya aina hii kwenye gazeti la Observer la Uingereza mwaka 1926 alijiita Torquemada, jina la mtesaji mkuu wa Uhispania. Watungaji walishajitangaza mapema kabisa. Ulitegemea huruma itoke wapi?

Mleta uzi: Sitaki huruma, nataka maana iwepo kwenye kidokezo. Na asiniite mjinga.

Penseli Butu: Hakukuita wewe. Alisema mjinga, ukaitika.

Kamusi Chakavu: Nakazia hoja ya mleta uzi, ila nyie mnalia maziwa wakati kuna msiba mkubwa zaidi. Toleo lililopita NG'OMBE alipewa visanduku 7. Saba! Ritifaa, kile kialama (') cha katikati, imepewa kisanduku chake peke yake, imekaa humo kama mfalme. Nilihesabu mara mbili nikadhani macho yangu.

Bibi Milalo: Ritifaa si herufi. Hiyo ni 6, hakuna mjadala.

Mzee wa Irabu: Zote mbili si sahihi. NG' ni sauti moja, iingie kisanduku kimoja. CH vilevile, SH vilevile.

Kamusi Chakavu: Ukiunganisha SH umeua mafumbo yote ya zamani. Chukua "Shaba imemeza mwanzo wa mvua, jembe likapata kazi (6)". SHAMBA, tamu kabisa. Kwa hesabu yako inakuwa 5 na gridi nzima inahama.

Mzee wa Irabu: Ihame. Imekosewa tangu mwanzo.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Mtu katuita wajinga hadharani.

Kamusi Chakavu: Mkuu subiri kwanza, hili la NG' ni zito.

Penseli Butu: Mzee, na ukitaka kuvuruga herufi za CHAI unazivurugaje kama CH imegandana?

Mzee wa Irabu: Unavuruga sauti, si herufi. Ndiyo heshima ya lugha.

Bibi Milalo: Na MB je? Nayo kisanduku kimoja?

Mzee wa Irabu: MB ni mbili.

Bibi Milalo: Kwa kanuni ya nani?

Kisanduku Tupu: Nimerudi. Mlalo 22 ni KABILA.

Bibi Milalo: Mlalo 22 ina visanduku vinne, mwongo wewe.