"Bibi yako si Socrates": mzee wa sweta kanivua nguo mbele ya ukumbi mzima

Mjukuu wa Pangani (mleta mada)

Wakuu, naandika nikiwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, mikono inatetemeka, abiria wa pembeni ananiangalia kama nimefiwa. Mkiona herufi zimeruka mnivumilie.

Leo ilikuwa zamu yangu kuwasilisha propozali ya uzamili. Falsafa. Mnaosoma pale mnajua nani alikaa kiti cha mbele, sina haja ya kumtaja. Yule wa sweta. Joto lote hili, feni zimekufa, sisi tunatiririka kama tumetolewa baharini, yeye sweta la sufu limefungwa hadi kooni kwa sababu miaka 40 iliyopita aliishi Ujerumani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Ile shikamoo nadhani mpaka sasa inazunguka mle ukumbini inatafuta mtu wa kuipokea.

Nimefika slaidi ya tatu. Ya TATU! Ndiyo kwanza nasema nilikaa Pangani miezi mitano nikimrekodi bibi yangu na wazee wengine sita kuhusu utu, mzee akafunga kalamu. Mnaijua ile "tak". Kalamu ya yule mzee ikifungwa, kuna mtu ameshazikwa. Akasema, taratibu, kwa ile sauti ya redio: "Binti, bibi yako si Socrates." Yaani yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale.

Ukumbi ukacheka. Hata yule niliyemwazima chaja juzi alicheka, na chaja hajarudisha.

Bibi yako si Socrates! Bibi yangu ana miaka 82, kanilea tangu naota meno, karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye nazi zake. Hajawahi kusema neno baya juu ya mtu yeyote wa chuo kile. Anahusika wapi bibi yangu hadi atajwe mle ndani kwa kuchekwa?

Ngojeni niwaambie alichokizuia kwa hiyo kalamu yake. Sisi wote, mtu akimtelekeza mama yake, tunasema "huyu si mtu". Sasa kama si mtu, ni nini? Ndilo swali langu, hakuna kingine. Utu unazaliwa nao, au unaupata halafu unaweza kukuponyoka? Nilimuuliza bibi. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. Akasema: "Utu haupotei, mjukuu wangu. Ungalikuwa wapotea, nani angemlaumu aliyeupoteza? Simba akila mbuzi wako, wamlaumu simba?"

Siku tatu sikulala vizuri. Maana kama bibi yuko sahihi, basi kila anayesema "huyu si mtu" anajipinga mwenyewe. Lawama yake ndiyo ushahidi kwamba anayelaumiwa bado ni mtu. Hiyo ni hoja, wakuu. Ina miguu na kichwa. Wapo wanaosoma miaka saba hawajatunga hoja ya hivyo.

Mzee akaongeza kwamba nitafsiri neno utu kwa Kiingereza nimalizane nalo. Nitalitafsiri vipi? Kiswahili kina utu na kina ubinadamu. Ubinadamu umetoka kwa bin Adamu, ni nasaba, na nasaba haikuponyoki hata ufanye nini. Utu umetoka kwenye -tu ileile ya mtu, kitu na jitu. Mwanafalsafa Alexis Kagame wa Rwanda mwaka 1956 alijenga falsafa nzima juu ya mzizi huohuo kwa Kinyarwanda. Mwenzake Wiredu wa Ghana alitusihi tujaribu kila swali la falsafa katika lugha zetu wenyewe, tuone linabaki au linayeyuka. Mimi nikitupa utu na ubinadamu kwenye kapu moja la Kiingereza, swali langu limekufa kabla ya sura ya kwanza.

Akamalizia: "Hii ipeleke Idara ya Kiswahili." Sikujibu. Nilikuwa bado nasikia ile ya kwanza. Bibi yako si Socrates. Mbele ya watu 30.

Kibatari

Wa sweta? Yuleyule? Bado yupo?! Mimi nilimpelekea mada ya ujamaa akaniuliza Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani, anasemaje kuhusu ujamaa. Kant kafa mwaka 1804, mkuu. Nikahamia sheria.

Tikitimaji

Hii chai. Bibi anachambua mchele halafu anatoa maneno ya namna hiyo? Umeyatunga hapo kwenye daladala.

Mjukuu wa Pangani

@Tikitimaji rekodi ninayo, dakika 41, na mchele unasikika kwenye ungo. Usimguse bibi yangu, mmoja leo ametosha.

Msomi wa Kona

Dada punguza povu. Mzee kakosa adabu, ila hajakosa hoja. Mwanafalsafa Hountondji wa Benin alishalimaliza hili mwaka 1976: huwezi kuchukua mila za kijiji ukaziita falsafa, kana kwamba kijiji kizima kinawaza kwa kichwa kimoja. Tempels, padri Mbelgiji, alifanya hivyo Kongo mwaka 1945, akatuambia "Wabantu wanaamini hivi". Wabantu gani? Nani aliwauliza mmojammoja?

Jirani wa Nairobi

Pole sana dada. @Msomi wa Kona hiyo kesi huku kwetu mwanafalsafa Odera Oruka aliifungua upya. Aliwatenganisha wazee wenye hekima mafungu mawili: wanaoyajua ya jamii na kuyasimulia vizuri, na wanaoyajua kisha wakayahoji wenyewe. Hao wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Bibi wa huyu dada kapinga msemo ambao nchi nzima inautumia. Anaingia fungu la pili bila kubisha hodi. Na mkisema ni bibi yake mwenyewe, ni upendeleo, basi baba mzazi wa Oruka yumo kwenye kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wazee hao.

Lakini dada, wale wazee wengine sita walisemaje? Mbona umewaacha?

Mjukuu wa Pangani

Jirani Mungu akubariki, maana hilo ndilo lililokuwa slaidi ya NNE! Hawakukubaliana! Wawili walisema utu unapotea kabisa. Mmoja akasema haupotei ila unalala, kama mbegu wakati wa kiangazi. Mzee mmoja mvuvi alimwambia bibi usoni kwamba anawatetea wahuni, wakanuniana hadi magharibi. Vichwa saba, majibu manne! Hountondji anakataa kijiji chenye kichwa kimoja, mimi nimeleta kijiji kilichokaribia kupigana kwa sababu ya hoja. Slaidi ya nne hakuiona. Kalamu ilishafungwa. Bibi yako si Socrates.

Msomi wa Kona

Hapo sawa. Hiyo ya mbegu ni nzuri. Ungeanza na slaidi ya nne.

Mzee wa Kusaga

Nimesoma uzi wote sijaona mnauza nini. Shemeji yangu ana digrii ya falsafa, yuko soko la Karume anauza mitumba. Simba, mbuzi, mbegu, hela iko wapi?

Kibatari

@Mzee wa Kusaga na mitumba anauza vizuri au hauzi?

Mzee wa Kusaga

Anauza sana. Ukimwambia shati limetoboka anakuuliza shati ni nini.

Wino Mweusi

Samahani, mimi niko Idara ya Kiswahili na nimeumia. Kila mada ikimshinda mtu "peleka Kiswahili". Sisi jalala? Kezilahabi alikuwa mtu wa fasihi ya Kiswahili, na tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1985 kule Wisconsin ilikuwa juu ya falsafa ya Kiafrika. Leo mzee aliyezimiwa feni anatumia jina la idara yetu kama tusi. Mleta mada naye hata hakututetea, kaandika kama vile kuletwa kwetu ni msiba.

Mjukuu wa Pangani

Sikuwa na maana hiyo jamani. Ila turudi kwenye mada, huyu mzee kasema...

Sura ya Pili

Nyie mnalia kwa kukatizwa? Angalau mmesikilizwa slaidi tatu. Supavaiza wangu ana sura yangu ya pili tangu Ramadhani ya mwaka jana. Nikipiga simu anasema yuko Dodoma.

Tikitimaji

Wangu pia yuko Dodoma.

Wino Mweusi

Na wangu. Wanakaa nyumba moja?

Sura ya Pili

Juzi nimemwona Kariakoo ananunua pazia, nikampigia palepale nikiwa nyuma yake. Kaipokea akasema yuko Dodoma, mtandao unasumbua.

Jirani wa Nairobi

Huku kwetu huwa wako Kisumu.

Mjukuu wa Pangani

Wakuu. Alimtaja bibi yangu.

Kibatari

Tumeona dada, pole. @Sura ya Pili ichapishe hiyo sura umpelekee mkononi, msomeshe kwa nguvu.

Sura ya Pili

Nichapishe wapi? Pale getini kurasa 90 wamenitoza kama nimenunua kiwanja, na ukurasa wa 34 wameuweka kichwa chini.

Wino Mweusi

Yule dada mwenye mashine mbili? Mimi jalada langu gumu kalipiga herufi za dhahabu TASNIFI. Nakala zote tano.

Tikitimaji

Akakurudishia hela?

Wino Mweusi

Kasema hakuna atakayeona, labda mimi na yeye.

Mzee wa Kusaga

Nina mashine ya kubana majalada, iko Mwenge, nauza. Haijatumika sana. Mwenye nia aseme hapahapa.