Mnyoo kuishi mara mbili, ni ukweli?

Kasuku_Umoja: Wasee, kwa mat leo jamaa alisema kuna mwanasayansi alifanya minyoo waishi mara mbili, nikacheka lakini sasa sipati usingizi. Ni ukweli ama stori za jaba?

MamaLab: Ukweli kabisa. Cynthia Kenyon, Marekani, 1993. Mnyoo mwenyewe ni kama milimita 1, kawaida anaishi wiki 2 ama 3 hivi, sasa wakiwa na hitilafu kwa jeni moja tu inaitwa daf-2 (jeni, si jini 😂), ile ya kupokea homoni kama insulini, homoni ya sukari mwilini, wanaishi mara mbili na bado wanatambaa kama vijana. Lakini zima jeni ingine inaitwa daf-16 uone, faida yote inaisha.

Kasuku_Umoja: Kwa hivyo niwache sukari kwa chai?

Otis254: Minyoo wakilishwa glukosi wanakufa mapema, hiyo pia kina Kenyon waliona. Lakini buda, wewe si mnyoo.