Naomba ushauri: siku moja San Lorenzo de El Escorial na mama wa miaka 68, magoti yanamsumbua

BintiKuze:

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Kaka yangu anafanya kazi Madrid, na mwezi wa kumi inshallah mimi na mama tunakwenda kumtembelea kwa siku nane. Visa tumeshapata. Mama alifundisha historia shule ya msingi hapa Mombasa miaka mingi, na kila mwaka alikuwa akiwapeleka watoto Fort Jesus kwa miguu. Akifika langoni huwasimamisha, awaambie kwamba ngome hii ilianza kujengwa 1593 kwa amri ya mfalme ambaye hakuwahi kuiona bahari yetu. Mfalme mwenyewe ni Felipe II wa Hispania, aliyekuwa ameshika na taji la Ureno pia.

Sasa mama amesoma kwamba huyo huyo ndiye aliyejenga lile jumba la watawa la San Lorenzo de El Escorial, milimani juu ya Madrid, na ndimo alimozikwa. Tangu hapo hataki kusikia habari za Toledo wala Barcelona. Anataka afike alipolala mwenye amri.

Wasiwasi wangu ni magoti yake. Anatembea na fimbo, na ngazi zinampa taabu, hasa kushuka. Kaka anapumzika Jumatatu tu. Je, siku moja yatosha? Twende kwa treni au basi? Na tutakula nini sisi tusiokula nguruwe? Nitashukuru kwa lolote.

Mlima_Meru:

Dada, mpe mama shikamoo yangu. Nimesoma Madrid miaka mitatu na nimepanda huko mara nyingi.

La kwanza na la muhimu kuliko yote: JUMATATU PANAFUNGWA. Msiende Jumatatu. Nimeona familia nzima imesimama mbele ya lango lililofungwa, na watoto wao, inatia huruma. Jumamosi na Jumapili nazo watu wa Madrid hupanda kupumzika, panajaa. Chagueni Jumanne hadi Ijumaa, hata kama kaka hayupo. Njia ni rahisi, mtafika wenyewe.

Pandeni basi namba 661 au 664 kwenye kituo kikuu cha Moncloa. Ni kama kilomita 50, tuseme saa moja. Linawashusha mjini juu, na kutoka hapo hadi jumba ni dakika chache tu. Mjue kwamba kuna miji miwili: El Escorial uko chini, San Lorenzo de El Escorial uko juu. Treni inaishia huo wa chini.

Reli_na_Njia:

Naomba kupinga kidogo hapo kwenye treni. Ni kweli stesheni iko chini, na kupanda kwa miguu ni mwendo wa dakika ishirini na zaidi, mlima mtupu. Kwa mama haifai. Lakini njia yenyewe inapita kwenye bustani ya Casita del Príncipe, kijumba ambacho mbunifu Juan de Villanueva alimjengea mwana wa mfalme karne ya 18, na mwezi wa kumi miti inakuwa imegeuka rangi ya dhahabu na kahawia. Kwa hiyo pandeni kwa basi. Jioni, kama mama ana nguvu, chukueni teksi hadi bustanini, mkae kwenye benchi mpaka muda wa treni ukaribie. Mimi siku ile bustani ilinituliza kuliko jumba.

FundiMawe:

Mimi ni mwashi, Dodoma. Nilipelekwa Hispania kwa mafunzo ya wiki sita na nilifika hapo nikarudi tena wiki iliyofuata kwa pesa yangu mwenyewe. Kwa hiyo mnivumilie.

Msikimbilie kuingia. Simameni kwanza kwenye ule uwanja mpana wa mawe unaoitwa Lonja. Jengo lina urefu wa mita 207 na upana wa mita 161, lote mawe ya matale ya kijivu yaliyochongwa hapo hapo milimani, na nje halina urembo wowote. Madirisha yamepangwa safu kwa safu kama askari. Jiwe la kwanza liliwekwa tarehe 23 Aprili 1563. Mbunifu wa kwanza, Juan Bautista de Toledo, alifariki 1567 kazi ikiwa mbichi, akaipokea Juan de Herrera, na la mwisho likawekwa 1584. Miaka 21! Nimeona majengo ya ghorofa nne yakikwama kwa muda huo.

Ramani yake ni miraba ndani ya miraba. Wenyeji husema ni mfano wa wavu wa chuma aliochomewa Mtakatifu Lorenzo, kwa sababu Wahispania waliwashinda Wafaransa pale San Quintín siku yake, tarehe 10 Agosti 1557, na mfalme akaliweka jengo chini ya jina lake.

Kwa mama mwalimu, hili nalo: Fort Jesus ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, nayo inatokana na fikra za wakati ule ule, kwamba jengo lianzie kwenye hesabu na kamba kabla ya nyundo. Huku matale, kule matumbawe. Akishaiona Lonja ataitazama ngome yake upya.

Vaeni nzito. Ni zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari na upepo wa milima hiyo ya Guadarrama hauna adabu na mtu wa pwani.

Mama_Wawili:

Nimemsindikiza mkwe wangu mwenye fimbo pia, kwa hiyo nazungumzia magoti.

Makaburi ya wafalme yako chini kabisa, na njia ni ngazi za marumaru zinazong'aa. Zinateleza, na watu wa nyuma wanakusukuma bila kukusudia. Mkishafika mlangoni waelezeni wafanyakazi hali ya mama kabla hamjaanza, wawaambie njia iliyo nyepesi na penye pa kupumzika. Sisi tulianza saa nne asubuhi panapofunguliwa, tukayaendea makaburi kwanza magoti yakiwa bado mapya, na tulishuka watu wote walipokwisha pita. Dada utangulie mbele, mama aweke mkono begani kwako. Viatu vya soli ya mpira.

Halafu vyumba vya mfalme mwenyewe. Hapo mkwe wangu alikaa kimya muda mrefu. Felipe alitawala nchi za mabara manne, na chumba alimofia ni kidogo, kitanda kimewekwa mahali ambapo angeweza kuiona altare ya basilika akiwa amelala. Alikuwa na jongo lililomla miguu, na kiti alichobebewa kipo pale. Alifariki tarehe 13 Septemba 1598. Mama yako mwenye magoti atamwelewa vizuri kuliko sisi.

BintiKuze:

Allah awalipe kheri. Nimemsomea mama jibu hilo la mwisho. Amesema, «1598? Basi ngome yake ilikuwa imekwisha miaka miwili tu.» Kisha akanyamaza.

Shani_wa_Muscat:

Dada yangu, msitoke bila kuingia maktaba. Naomba sana.

Ni ukumbi wa mita 54, dari imechorwa yote na Pellegrino Tibaldi, na vitabu vimepangwa migongo ikielekea ukutani, kurasa zilizopakwa dhahabu ndizo zinazokutazama. Lakini sababu ya kuwaomba ni nyingine. Mwaka 1612 sultani wa Morocco, Mulay Zaydan, alikuwa akikimbia vita nyumbani, akapakia vitabu vyake kwenye jahazi la Kifaransa. Nahodha hakulipwa, akang'oa nanga na mzigo, na manowari za Hispania zikamkamata njiani. Karibu miswada 4,000 ya Kiarabu ikaishia El Escorial. Wafalme wa Morocco waliidai mara nyingi. Mwaka 1671 moto ukateketeza mingi. Iliyosalia bado imo humo, na mwaka 2013 Morocco ilikabidhiwa nakala zake.

Babu yangu Lamu alikuwa na sanduku la vitabu vya mkono ambavyo maji ya mvua yalivila. Niliposimama kwenye ukumbi ule nililia, na sioni haya kusema. Mama yako aliyefundisha historia anastahili kujua kwamba mle ndani kuna na mali ya watu wengine.

Mlima_Meru:

Hili la Shani sikulijua, na nimeingia ukumbi ule mara tano. Ahsante dada.

Kuhusu chakula: migahawa huanza kutoa chakula cha mchana kuanzia saa saba na nusu au saa nane, kwa hiyo bebeni kitu cha saa sita. Jihadharini na judiones, maharage meupe makubwa. Yanaonekana salama lakini kwa kawaida hupikwa na soseji ya nguruwe. Supu nyingi pia zina vipande vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa. Semeni «sin cerdo», bila nguruwe. Omleti ya viazi ya kawaida, samaki trauti, saladi, hizo hazina shida, ila ulizeni kila mara. Tiketi za jumba nunueni mapema kwenye tovuti ya Patrimonio Nacional, shirika la serikali linalolisimamia.

BintiKuze:

Tumekata shauri: Jumatano, basi la Moncloa, makaburi kwanza, chumba cha mfalme, maktaba, kisha teksi hadi bustanini. Kaka ataomba ruhusa kazini nusu siku atukute huko.

Mama ana swali moja tu. Amesikia masanduku ni 26 na yote yanafanana. Atamjuaje wake?

Mama_Wawili:

Chumba kina pembe nane, na masanduku yamepangwa manne manne, moja juu ya jingine. Wafalme wako upande mmoja wa altare, upande wa pili ni malkia waliozaa wafalme. Majina ni ya Kilatini, herufi za dhahabu. Akiingia, atazame upande wa wafalme, ile safu iliyo jirani kabisa na altare. La juu kabisa ni la baba yake, Carlos. La pili kushuka ndilo lake. Liko juu ya kimo cha mtu, kwa hiyo mama asimame nyuma kidogo, katikati ya chumba, na umshike mkono wakati anainua kichwa.