Mjadala: Je, AMCOS ziendelee kutunza nakala zao za programu-jalizi?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) ya Newala au Nachingwea yenye tovuti ya WordPress (programu ya kuendeshea tovuti), ikishachukua programu-jalizi (plugin, yaani nyongeza ya tovuti) huria ya fomu na kuibadilisha kwa ndani ili mkulima aone kilo zake, daraja la korosho na ghala zilikopelekwa, je, iendelee kuitunza nakala hiyo kivyake na kufungia matoleo ya maktaba zake zote (yaani kutosasisha vipande vya msimbo vya watu wengine inavyovitegemea), au irudi kwenye programu asili? Waliotangulia kuchangia wametetea kufungia. Mimi napinga, ingawa si kila walichosema.

Leseni haina mgogoro, kwa sababu GPL, leseni ya programu huria inayotumiwa na WordPress, inamruhusu yeyote kunakili, kubadilisha na kusambaza. Mgogoro uko kwenye utunzaji. Nakala ikibaki na jina la asili, katibu asiyejua historia yake akibonyeza sasisho, mabadiliko yote yanafutika. Ikipewa jina jipya, taarifa za masasisho ya usalama haziifikii tena, na kuanzia hapo lazima awepo mtu wa kusoma kila rekebisho la watunzaji wa asili na kulihamishia kwetu kwa mkono. Katika mikataba mnayoijua, mtu huyo ametajwa wapi? Fundi hulipwa kwa kujenga, akishakabidhi tovuti anaondoka.

Mchangiaji mmoja ametukumbusha XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili, ambayo Machi 2024 matoleo yake mapya, 5.6.0 na 5.6.1, yaligunduliwa kuwa na mlango wa siri, akahitimisha kwamba aliyebaki na toleo la zamani ndiye aliyepona. Ni kweli. Lakini Desemba 2021 Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, ilionyesha kinyume chake: rekebisho lilipotoka, aliyeendelea kuwa hatarini ni yule aliyebaki nyuma, kwa kuwa tundu lilikuwa limekaa humo kwa miaka. Kufungia kunatupa muda wa kuchunguza, ila kazi yenyewe ya kuchunguza inabaki palepale.

Tena seva haitusubiri. PHP ndiyo lugha ya programu iliyoandikiwa WordPress; toleo la PHP 7.4 liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, na PHP 8.0 iliondoa vitendakazi kama each() na create_function(), kwa hiyo msimbo mkongwe unaovitegemea hugoma siku mwenye seva anapopandisha toleo, hata kama sisi hatukugusa chochote.

Katika jambo moja nakubaliana na wenzangu kwa moyo wote: minada ya korosho ikishaanza Oktoba, toleo lolote lisiguswe hadi malipo ya wakulima yakamilike, isipokuwa kuziba tundu la hatari. Faili la composer.lock, linaloandika toleo kamili la kila maktaba, lina manufaa hapo. Matoleo yapandishwe msimu ukiisha, kwenye tovuti ya majaribio, maktaba moja baada ya nyingine, ili likiharibika jambo ijulikane limeanzia wapi.

Mabadiliko yetu mengi, hata hivyo, hayahitaji nakala kabisa. Safu ya kilo na daraja inaweza kuandikwa kama programu-jalizi ndogo inayojishikiza pale ambapo ile kubwa imeacha nafasi kwa ajili ya nyongeza, na tafsiri za Kiswahili pamoja na marekebisho ya kasoro zirudishwe kwa watunzaji wa asili. Nakala iwepo pale tu ambapo watunzaji hao wameitelekeza kazi, na hapo mkutano mkuu wa chama uidhinishe fungu la kila mwaka la mtunzaji wetu. Wanaotetea kufungia watueleze: fungu hilo litatoka wapi, na nani atawajibika tundu likijitokeza katikati ya minada?